Slaida za Mtu Asiyeanguka

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mungu alipogawa bahati, mimi nilipanga foleni mara mbili. Miaka sita ya bodaboda, sijaanguka hata mara moja. Wenzangu wa kijiweni hapa Unyambwa magoti yao yana makovu kama ramani ya wilaya. Mimi Kefa nina magoti ya bibi harusi.

Leo bahati imezidi. Mama Felista ameniita. Nikamwamkia shikamoo kwa mbali, macho chini, kama inavyotakiwa kwa mama mkwe. Akasema wazee wameshakubali mahari, amebaki yeye. Kaka yake aliangukiwa na pikipiki isiyo na chuma hata kimoja ubavuni, mpaka leo anachechemea. Kwa hiyo Jumapili nimpeleke kanisani mjini. Akishuka mzima, Felista wangu. Asiposhuka mzima, Felista ataolewa na mtu wa baiskeli.

Lazima nifunge kinga. Tatizo: mtu asiyeanguka anafunga kinga ya nini? Hosea, anayeegesha pembeni yangu, anasubiri nianguke tangu mwaka 2019. Simpi nafasi.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa Abdulrazaki, muuza spea mjini. Ana kinga za aina mbili. Ya kwanza bampa, bomba la chuma lililopinda kama pembe za ng'ombe, linakinga miguu. Ya pili slaida, vibonge viwili vya plastiki ngumu, kila kimoja kama kikombe cha chai, vinafungwa kwa boliti kwenye ubavu wa injini. Pikipiki ikilala kwenye lami, vinateleza, injini haikwaruziki.

Macho yangu yalikuwa kwenye bampa. Abdulrazaki akaniuliza swali moja tu la kitaalamu, huwa naanguka? Nikamwambia kuanguka nakusikia kwa watu. Akasema basi bampa siyo yangu, hiyo ni ya waangukaji. Mimi nichukue slaida, ni urembo tu.

Nilitaka kurekebisha maneno. Mdomo ulikuwa umeshatangulia. Nimetoka na slaida.

Kijiweni Hosea kauliza vile ni vitu gani. Nikamwambia ni vya kupoza injini, teknolojia ya Japani. Akavigusa kwa heshima, akasema kweli vya baridi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimezijaribu. Siyo kuanguka, ni kulaza. Kuanguka hakuna ratiba. Nikaenda nyuma ya shamba la alizeti, nikapanda, nikahesabu mpaka tatu, nikajilaza kushoto.

Nikiwa hewani nikakumbuka. Slaida inateleza kwenye lami. Njia zetu za Unyambwa lami zinaisikia kwenye redio. Mchangani slaida haitelezi, inalima. Ilizama kama jembe, pikipiki ikageukia kwangu, mguu ukabaki chini. Nikalala pale na alizeti zilizokauka, zimeinamisha vichwa kama watu wa msibani.

Aliyekuja kuniinua ni Hosea. Akauliza, “Kefa, umeanguka?” Nikamwambia hapana, napoza injini.

Ijumaa, 13 Juni

Kifundo kimevimba. Nimevaa soksi tatu, mguu mmoja.

Nimerudi kwa Abdulrazaki. Nikamwambia nataka bampa ya rafiki yangu, mtu wa kuanguka sana, anaanguka hata akiwa amesimama. Akauliza jina. Nikasema Hosea, wa kijiwe cha Unyambwa. Akauliza pikipiki yake ni ya aina gani. Nikasema kama yangu. Akauliza iko wapi aifungie. Nikasema afunge kwanza kwenye yangu tuone kama itamkaa. Abdulrazaki ni muungwana. Alifunga kimya, akasubiri nikate kona ndipo acheke.

Jioni Hosea kanijia juu. Abdulrazaki amekutana naye sokoni, kampa pole mbele za watu, kamshauri aendeshe polepole. Nikamwambia mji una akina Hosea wengi, nikamnunulia chai na chapati mbili. Nampenda sana Hosea. Tatizo lake anasikia kila kitu.

Jumapili, 15 Juni

Mama Felista katoka na kuku wa sadaka kwenye tenga. Akapanda, akaliweka tenga katikati yetu. Mama mkwe hashiki kiuno cha mkwe wake, na mgongo wa mkwe haumgusi mama mkwe. Nikamsifu moyoni, mama ana akili. Akauliza vile vyuma ni vya nini. Nikasema vya kupumzishia miguu.

Hatujafika lami, kuku akatoa shingo, akanidonoa kwenye uti wa mgongo. Nikajinyoosha, tairi likaingia mchangani, tukalala kulia. Taratibu, kama pikipiki inayompa mtu shikamoo. Bampa ikapokea ardhi. Chini ya pikipiki ikabaki nafasi, na ndani ya nafasi mguu wa mama mkwe, mzima, na kiatu chake.

Nikaiona harusi inaondoka. Mama Felista akasimama, akakung'uta kanga, akaizunguka bampa kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

“Baba, hivi ndivyo vya kupumzishia miguu?”

Nikainama kuokota tenga. Akasema kaka yake naye alikuwa akijisifu haanguki, ndiyo maana hakufunga chuma.

“Wewe nawe unajisifu huanguki, na bado umefunga. Mtu wa hivyo nampa mtoto wangu.”

Kanisani alishuka kwa miguu yote miwili. Niliihesabu.

Jumatatu, 16 Juni

Ushindi. Harusi Agosti. Kijiwe kizima kimenishika mkono.

Felista anataka pikipiki ndiyo itubebe siku hiyo, kwa hiyo ipendeze. Nimeitazama vizuri. Bampa inaifanya inenepe, picha zitaharibika. Nimeifungua jioni, nikampelekea Hosea nyumbani kwake, bure kabisa. Abdulrazaki mwenyewe anajua ni yake. Hosea aliipokea kwa mikono miwili. Mama mkwe akiuliza, imekwenda kupakwa rangi. Nimebaki na slaida zangu, zinang'aa, na mtu wa bahati chuma cha nini.

Nimesoma nilichoandika Jumatatu iliyopita, kwamba sijaanguka hata mara moja. Ni uongo. Kabla ya wiki hii nilikuwa nimeanguka mara kumi na moja. Leo, nikitoka kwa Hosea, nimeanguka tena.