Kamera Iliyofunguliwa Juu ya Meza Yangu ya Kushonea

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa "Jitengenezee Nyumbani",

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na una meza ya kuandikia. Mimi sina tena. Nakuandikia juu ya goti.

Mimi ni mshonaji. Mume wangu ni kinyozi, na kibanda chake kimepakana na sebule yetu. Tuliishi kwa amani mpaka gazeti lako lilipoandika kwamba kamera ya dijitali ya zamani inaweza kutengenezwa nyumbani na mtu yeyote mwenye bisibisi ndogo na subira. Bisibisi mume wangu alikuwa nayo.

Nikueleze chanzo, usije ukanidhania mtu wa shari. Mama mkwe wangu anahama Jumamosi kwenda kuishi kwa mwanawe mkubwa, mbali sana. Ameomba picha moja tu ya kwenda nayo, sote tukiwa pamoja. Simu tunazo, lakini amezikataa kwa sababu zinamlainisha uso. "Makunyanzi haya nimeyatolea jasho," alisema. "Hakuna simu itakayoyafuta." Anaitaka ile kamera yetu ya zamani, isiyojua kumbembeleza mtu. Nayo ilikuwa mgonjwa: ukiiwasha, lenzi inachungulia nusu, inakwama, inalia kama kifaranga, inazimika.

Yaliyofuata nayapanga kwa namba.

1. Uchunguzi. Alianza na betri, kama mlivyoelekeza. Akasugua pale inapogusana na kamera kwa kifutio cha penseli, halafu kwa siki, mpaka mashati ya wateja wangu yakanuka siki. Lenzi ikakwama vilevile. Akabadilisha kadi. Wapi! Ndipo akatuita mimi na mama yake pembeni, kwa sauti ya daktari anayezungumza na ndugu wa mgonjwa: "Itabidi tumfungue."

2. Skrubu. Ni ndogo kuliko mbegu za nyanya. Feni ikapigwa marufuku, na mama mkwe, mwenye mafua, akawa anatumwa uani kupiga chafya. Ili zisichanganyike, mume wangu alizipanga kwenye trei ya barafu, kila aina na chumba chake, akaenda kunyoa. Mama mkwe, kwa kutaka kunisaidia kazi, akaijaza maji akaitia kwenye friji. Mwenye nyumba alipokuja kututembelea nikamkaribisha juisi yenye barafu. Mhariri, yule mzee ana adabu. Aliitoa skrubu mdomoni, akaiweka kwenye sosa, akauliza kwa upole kama nyumba yake imeanza kubomoka.

3. Flashi. Makala yako ilionya, kwa herufi za kutafutwa kwa tochi, kwamba ndani mna kitu kinachotunza umeme hata betri ikitolewa. Mume wangu alikigusa. Aliruka, kofia ikabaki nyuma. Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alikuja mbio jikoni, nywele zimesimama, anacheka: "Mke wangu, bado ina uhai!"

4. Mwalimu wa hesabu. Jana alikuwa kwenye kiti, amekwisha kunyolewa upande wa kulia, mume wangu akapata wazo kuhusu lenzi. "Nakuja sasa hivi, mwalimu." Mwalimu akangoja, akasoma magazeti yote, likiwemo lako, mwisho akaenda darasani vilevile alivyo. Nasikia somo la nusu na robo lilieleweka jana kuliko siku zote.

5. Mimi mwenyewe. Meza yangu imejaa vipande vya kamera, hivyo sare za kwaya nazishonea kitandani. Suruali moja nimeishona pamoja na shuka. Mwenye suruali ananisumbua, na shuka nalo nalihitaji.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uchapishe masahihisho yasemayo hivi: "Kamera ikiharibika, ifunike kitambaa, iache ipumzike." Uishauri pia serikali kwamba bisibisi ziuzwe kwa idhini ya maandishi ya mke. Na haya yote yakikushinda, basi uje mwenyewe kabla ya Jumamosi umchore mama mkwe kwa mkono. Usiruke kunyanzi hata moja.

Nisalimie wachapaji, wasahihishaji, na mkeo kama unaye na bado ana pa kukaa. Mama mkwe anakusalimu, kati ya chafya na chafya. Mume wangu angekusalimu, ila ana bisibisi mdomoni.

Wako mwenye masikitiko,
Mshonaji, mke wa Kinyozi

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta gundi ya bahasha, mume wangu akiwa amekwenda kumwomba radhi mwalimu, niliichungulia lenzi. Kuangalia tu. Kumbe punje ya mchanga imekaa kwenye meno ya gia! Nikaitoa kwa kibano changu cha nyusi, nikarudisha skrubu, nikawasha. Lenzi ikatoka yote. Nilimpiga mama mkwe picha mlangoni pa jikoni. Akaitazama kwa muda mrefu, akagusa kioo kwa kidole. "Huyu ndiye mimi," akasema, akanikumbatia mpaka pumzi zikanipaa. Mume wangu aliporudi tukapiga ya pamoja, naye anatabasamu kwa taabu.

Basi hayo ya juu usiyachapishe. Redio yetu imeanza kukoroma na nimekwisha kuifungua, hivyo kama mna makala ya redio nitumie haraka, kwa jina langu. Na ukipata malalamiko ya kinyozi fulani kuhusu kiti chake cha kunyolea, usimsadiki. Nilihitaji mahali penye mwanga.