Hotuba ya Kuzindua Geti la Chekechea Ambalo Limeshafungwa

Halo, halo. Moja, mbili. Mabibi na mabwana, kwa mamlaka niliyopewa, natangaza rasmi kwamba kipaza sauti kimewaka. (Makofi.) Kimewaka kutokana na jitihada za pamoja za idara yangu, fundi mitambo, na dereva wangu, ambaye baada ya nusu saa ya uchunguzi wa kina aligundua kwamba kilikuwa hakijachomekwa. (Makofi zaidi. Dereva anapunga mkono.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kituo, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye naambiwa ndiye pia katibu na ndiye pia aliyeazima viti, Mheshimiwa Mwakilishi wa Wazazi, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Wazazi, maana yule wa kwanza ameniomba radhi kwamba ataondoka mapema, Mwalimu Mkuu wa chekechea hii, dada walezi, mama mpishi, ambaye harufu ya sufuria yake inanishawishi nifupishe hotuba, lakini sishawishiki, akina babu na akina bibi mlioleta wajukuu, mpiga picha, upande wangu mzuri ni huu wa kulia, na ninyi watoto wapendwa mliokaa kwenye mkeka, taifa la kesho, hasa wewe unayekula kamba ya kiatu: itifaki imezingatiwa. Kama kuna mtu nimemruka, ajihesabu kuwa ametajwa na apige makofi kwa niaba yake mwenyewe. (Mtu mmoja anapiga makofi.)

Mimi, kama mnavyoniona, ni mtu mdogo tu. (Kicheko.) Mdogo kwa cheo, jamani, tumbo ni suala la kitabibu. Mimi ni Kaimu Mkurugenzi Msaidizi wa Usalama wa Mtoto, Malezi na Masuala Mtambuka. Nimekaimu miaka tisa mfululizo, jambo linaloonyesha kwamba wakubwa wangu wananiamini, ila wananiamini polepole.

Ndugu wananchi, leo tunazindua Programu Jumuishi ya Uimarishaji wa Mienendo ya Usalama wa Mtoto katika Vituo vya Malezi na Makuzi ya Awali, awamu ya kwanza, ambayo ni programu iliyobuniwa kwa njia shirikishi, ikachakatwa kwa njia shirikishi, ikawekewa fremuweki, viashiria na ramani ya njia, ikapitishwa kwa wadau wa ngazi ya juu ili waiteremshe kwa wadau wa ngazi ya chini, nao wakairudisha juu ikiwa na maoni, nasi tukayachukua maoni hayo yote kwa uzito mkubwa na kuyaweka mahali ambapo hayatapotea. (Makofi ya wasiwasi.)

Takwimu hazidanganyi. Tumefanya semina kumi na nne. Lengo lilikuwa semina kumi na mbili, kwa hiyo tumevuka lengo kwa asilimia ambayo imo kwenye jedwali, na jedwali limo kwenye gari. Semina ya kwanza ilijadili swali la msingi: mtoto ni nani? Tulikaa siku tatu. Tukaafikiana kwamba mtoto ni mtu mfupi. Mama mmoja mwenye watoto watano akasimama akasema, "Ongezeni hapo: na hakai ulipomwacha." Tukamshukuru sana, lakini hoja yake ilikuja wakati wa kufunga, ikawa imechelewa. (Kina mama wanaguna.)

Sasa nije kwenye kiini, yaani geti.

Miaka miwili iliyopita, Mwalimu Mkuu huyu aliyekaa hapa mbele yangu, ameshika mkasi wa kukatia utepe kwenye kisahani, aliniandikia barua. Nanukuu: "Naomba geti la kituo lifungwe. Barabara iko hatua kumi na mbili kutoka kwenye mkeka wa watoto, na malori ya mchanga yanapita kutwa." Mwisho wa kunukuu. Ndugu zangu, maofisa wengine wangeikalia barua hiyo. Mimi niliijibu siku hiyohiyo, kwa wino mwekundu: "Lifungwe mara moja." (Makofi.) Neno kwa neno! Sikuunda hata kamati!

Akaandika tena: "Geti bado halijafungwa." Hapo nilikasirika kama baba. Nikajibu: "Kwa nini halijafungwa? Uzembe huu ukome." Akaandika mara ya tatu, barua ya kurasa mbili. Mimi barua za kurasa mbili huwa nasoma mstari wa kwanza na sahihi, kwa sababu za kiafya. Nikaandika pembeni, "Ifuatiliwe," nikaipeleka masjala. Na mwezi uliopita, baada ya ufuatiliaji wa hali ya juu, karani wa masjala akaniletea ripoti ya mstari mmoja: "Kuhusu suala la geti: limefungwa." Niliruka kwenye kiti. Wanaonijua wanajua mimi siruki ovyo. Nikasema hili lazima lizinduliwe. (Mwalimu Mkuu anainua mkono.) Mwalimu, shukrani zako nimezipokea, shusha mkono, mama.

Nami nimejionea mwenyewe. Leo nilipofika, gari langu halikusimama hata kidogo pale langoni. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, geti silioni! Nikamwambia dereva, "Hizi ndizo teknolojia za kisasa, geti linafunguka mpaka linatoweka." Dereva akakohoa. (Dereva anakohoa.) Nikaagiza meza yangu iwekwe hapa, niligeuzie geti mgongo, ili picha ituchukue wote wawili, mimi na lenyewe. Wale vijana wa maandalizi wakafunga utepe mwekundu kati ya nguzo mbili, ukapendeza kwelikweli. (Kwenye mkeka anasimama msichana wa miaka minne. Kituo kizima humwita Kiroboto, kwa kurukaruka.)

Lakini hatutaishia hapo. Awamu ya pili tutaleta bawaba. Awamu ya tatu tutaleta komeo, na komeo hilo litakuwa juu, mkono wa mtoto usifike, isipokuwa watoto wa shule ya msingi, ambao wako chini ya idara nyingine. (Kiroboto anarukaruka kupita nyuma ya meza ya mgeni rasmi, kuelekea kwenye utepe. Mwalimu Mkuu anainuka.) Mwalimu, kaa chini tafadhali, utepe tutaukata wakati wake, usiwe na haraka kama bibi harusi. (Mwalimu Mkuu anamnyooshea kidole nyuma.) Ndiyo, nyuma yangu kuna geti, ndilo tunalolizungumzia.

(Bibi mmoja katika safu ya tatu: "Kiroboto! Jamani, Kiroboto anatoka!")

Bibi, masuala ya viroboto yako chini ya Afya ya Mazingira. Nitawafikishia.

(Watu wote wanasimama.)

Kaeni, kaeni. Sistahili. Mnanifanya nione haya. (Mwalimu Mkuu anaacha kisahani kianguke, anakimbia. Mama mpishi anatoka jikoni mbio na mwiko mkononi.) Sijawahi kuona hadhira inayoelewa sera haraka kiasi hiki. Naona wengine wanashindwa kujizuia, wanakimbilia geti lenyewe wakaliguse! (Breki za lori zinalia nje. Honi ndefu.) Mnasikia? Hata wenye malori wanatupongeza.

(Wote wanatazama barabarani.)

Mbona mmenyamaza? Makofi yako wapi?

(Mama mpishi anarudi, amembeba Kiroboto begani, mzima, kiatu kimoja hakipo. Anakuja moja kwa moja mpaka kwenye kipaza sauti.)

"Pongezi gani, baba? Lori limesimama hapa, na mtoto yuko hapa." (Anaonyesha kwa mwiko. Kati ya hapa na hapa hakuenei mwiko wa pili.) "Dereva wake amekaa chini barabarani. Hilo geti unalolisifia tangu asubuhi liko wapi?"

Limefungwa, mama. Ninayo ripoti.

"Limefungwa wapi? Geuka unionyeshe."

(Mgeni rasmi anageuka. Anatazama nguzo mbili na utepe ambao sasa unapepea upande mmoja. Kipaza sauti kinanasa pumzi zake.)

Usalama wa mtoto! (Umati: "Geti liko wapi?") Usalama wa mtoto, ni wajibu wa... ("Geti liko wapi?") Pamoja tuna... ("Geti! Geti! Geti!") Haya. Kaulimbiu nimeiacha. Imekuwa yenu.

(Mwalimu Mkuu anamkabidhi karatasi mbili zilizokunjwa.)

Mwalimu, hii ni nini? Nakala ya barua ya tatu. Unataka niisome kwa sauti? Yote? Sawa. "Mheshimiwa, umeniuliza kwa nini geti halijafungwa. Halijafungwa kwa sababu halipo. Nilipoandika lifungwe, nilimaanisha fundi aje alifunge kwenye nguzo, kama anavyofunga bomba au dirisha. Siwezi kulifunga kwa mkono, kwa sababu hakuna cha kushika." (Kicheko kidogo, kinakatika.) "Kwa sasa nimehamishia kiti changu pale kwenye uwazi. Nafundishia hapohapo, barabara nimeipa mgongo, watoto nimewaelekezea macho. Nakula hapo. Mvua ikinyesha dada mlezi ananishikia mwavuli. Naomba fundi aje kabla sijaumwa siku moja." Na sahihi. Sahihi naikumbuka.

Kijana wa masjala naye simlaumu. Nimemtupia macho pale nyuma, ananionyesha kwa mikono: faili. Alifunga faili. Ndilo suala lililofungwa.

Basi naomba nishukuru, kama ratiba inavyosema. Namshukuru fundi wa awamu ya kwanza, ambaye hakuitwa. Naishukuru timu nzima ya Programu Jumuishi, ambayo ni mimi na muhuri. Nawashukuru wadau wa semina kumi na nne zilizojadili geti ambalo hakuna aliyekwenda kuliangalia. Hakuna awamu ya kwanza, ndugu zangu. Hakuna ya pili. Hizo bawaba nilizowaahidi zingeshikilia hewa. Mwandishi wa habari, andika, usinionee huruma. Ila picha tumia ile ya upande wa kulia.

Na kuna jambo moja halimo kwenye barua yoyote, nalijua mimi na Mwalimu tu. Kwa miaka miwili, watoto thelathini na wanane, hakuna hata mmoja aliyefika barabarani. Hata mmoja. Niliposhuka kwenye gari leo nilimkuta Mwalimu amepisha gari na kurudi kukaa pale kwenye uwazi, kwenye kiti chake, na chaki nyuma ya sikio. Nikamwambia, "Mwalimu, unaziba mandhari. Haipendezi kwenye picha. Njoo ukae mbele, ushike mkasi." Akaniambia, "Mheshimiwa, nikitoka hapa..." Sikumwacha amalize. Nilimshika mkono mimi mwenyewe, kwa heshima zote, nikamleta kwenye kiti cha mbele, tena nikaona nimemfanyia hisani.

Geti lilikuwepo. Nililing'oa mimi, leo saa tatu asubuhi.

(Bibi wa safu ya tatu, ndiye bibi yake Kiroboto, kwa sauti ya chini: "Angalau amesema.")

Sijasema kwa ujasiri, bibi, shikamoo. Nimesema kwa sababu mdomo umeshindwa kufanya kazi nyingine. Dereva, nenda kamlete fundi wa kuchomelea. Mwambie aje na kipimo, na umwambie nini hasa tunataka: geti lipachikwe, lishike kwenye nguzo, lifunguke, likae. Usimwambie neno "lifungwe." Na ukitoka, mwambie yule mwenzako wa lori aingie ndani apewe maji.

Mwalimu, unainuka kwenda wapi? Hapana, mama. Kaa. Mama mpishi atakuletea sahani yako, ule siku moja ukiwa umekaa kivulini kama watu. Pale nakwenda mimi mpaka fundi amalize, na akimaliza kesho, kesho nitarudi. Kwa upana nadhani nafaa. (Kicheko.) Watoto, mtu asinipite. Wewe Kiroboto hasa, nimekuona.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Hotuba bado ina kurasa kumi na moja. Nitazikalia, kiti chenyewe ni cha chekechea, kifupi.