Ukuta Niliosema Ni Mtupu

Jumatatu, 20 Oktoba
Kamati ya mtaa wetu hapa Pilsen inatafuta ukuta mtupu wa kuchorea picha ya mtu aliyeujenga mtaa. Si mimi huyo? Miaka thelathini nashona viatu Chicago hii! Nataka sura yangu ghorofa mbili juu, kabla matajiri wanaonunua nyumba za mtaa hawajatufukuza. Kikwazo ni kimoja. Kwenye kona ya ukuta wa duka langu yupo Chayo, marehemu mke wa kompadre Eleuterio, aliyemsimamia binti yangu ubatizo. Eleuterio alimchora kwa mkono wake, na kila mwaka kabla ya Siku ya Wafu, mwanzoni mwa Novemba, humpaka rangi upya. Nimeegesha gari mbele yake asionekane, nikapiga picha, nikajaza fomu. Ukuta mtupu! Mchoraji akija atamwacha tu palepale konani.

Alhamisi, 23 Oktoba
Tumechaguliwa! Mchoraji, Itzel, kasema mafundi wanakuja kesho kuandaa ukuta. Nikamwambia wasinisubiri, nina miadi na kinyozi.

Ijumaa, 24 Oktoba
Nimerudi nanukia marashi. Ukuta mweupe pe. Wote! Itzel ananionyesha fomu: mtupu, na sahihi yangu chini. Ole wangu.

Jumamosi, 25 Oktoba
Eleuterio kaja na vikopo vyake vya rangi. Akaniuliza, kompadre, Chayo yuko wapi? Nikasema ni kamati. Akauliza nani aliwaambia hapana mtu pale. Nikatazama viatu vyake. Bora angenitukana! Kasema tu kwamba picha nyingine za Chayo ziliungua na nyumba yao, akaondoka na vikopo vyake. Nimelia dukani, mlango nimefunga.

Jumatatu, 27 Oktoba
Nimemwungamia Itzel yote. Kaniita mzee mzima ovyo. Haya. Atamrudisha Chayo, ukuta mzima, mimi simo. Nimekubali kwa moyo safi. Eleuterio hataki hata kuniona, kwa hiyo wa kumweleza Itzel jinsi marehemu alivyokuwa ni mimi. Nimeeleza mashavu, mwanya, nywele za mawimbi.

Jumatano, 29 Oktoba
Chayo amerudi, jamani, anacheka kabisa! Eleuterio kasimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi. Nimejuta upya. Itzel akauliza kama marehemu alipenda kukaa peke yake. Nikamwambia, kwa masikitiko makubwa, hakupenda kabisa. Kila mara kando yake alikuwapo mwanamume mmoja mnene kidogo, mpole, mwenye aproni ya ngozi na nyundo ya viatu. Itzel anaandika. Jina sijataja.