Rufaa ya Karani Kuhusu Marejeo 2,318

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Kupandisha Vyeo vya Watafiti.

YAH: MAREJEO 2,318 YA DOKTA MAKALA, AMBAYO NASISITIZA YABAKI YALIVYO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni karani wa masjala katika kliniki ya vidonda sugu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimepokea barua yako inayonitaka nieleze ndani ya siku saba kwa nini nisifukuzwe kazi, na kwa nini daktari wetu bingwa, ambaye kwa wingi wa maandishi yake tunamwita Dokta Makala, asivuliwe uprofesa mliompa miezi miwili iliyopita. Naandika siku ya sita kwa sababu siku tano za kwanza nilikuwa na hasira.

Kosa ninalodaiwa ni hili. Fomu yenu ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Idadi ya marejeo". Dokta Makala alikuwa anawahi ndege ya kwenda kongamanoni, akaniachia fomu mezani akasema, "Jaza tu, ndugu yangu, nambari zote unazo wewe." Na kweli ninazo. Rejista yangu ina safu mbili: wagonjwa wapya, na marejeo, yaani wale waliorudi na kidonda kilekile. Nikajumlisha, nikapata 2,318, nikajaza. Nanyi mkampa uprofesa kwa makofi. Leo mnaniambia mlitaka kujua watafiti wenzake wamezirejelea makala zake mara ngapi, na kwamba jibu sahihi ni kumi na tisa. Kwa heshima zote, nambari yangu ndiyo halali, kwa sababu zifuatazo:

1. Marejeo yangu ni watu. Kila mmoja amekaa kwenye benchi la korido, ameitwa, amegongewa muhuri kwenye kadi. Hayo yenu kumi na tisa nimeyahesabu. Kumi na moja ni Dokta Makala akijirejelea mwenyewe. Sita ni ya rafiki yake aliyesoma naye, ambaye naye karejelewa na Dokta Makala mara sita. Watoto wanaocheza hawapeani zamu kwa uaminifu namna hiyo. Moja linamkosoa, na la mwisho lilimkusudia mtu mwingine mwenye jina linalofanana na lake.

2. Mnazisifu makala zake thelathini na nne. Nilizichapa mimi. Ya kwanza ilihusu kidonda cha mguu wa kushoto. Ya pili, mguu wa kulia. Ya tatu ililinganisha miguu yote miwili ikagundua kwamba hakuna tofauti. Ya nne ilitoa wito wa utafiti zaidi, nao ukafanyika kwenye ya tano, kwa wagonjwa walewale. Jina la mkurugenzi wetu limo katika zote, ingawa mara ya mwisho alipofika kliniki ilibidi tumwonyeshe mlango wa kutokea. Mimi niliyetafuta mafaili kwenye kabati lenye panya sikutajwa hata kwenye shukrani. Silalamiki. Kwa kweli nalalamika, ila hiyo si hoja yangu kuu.

3. Barua yako inasema marejeo ya kitaaluma hupima athari. Makala ya ishirini na mbili inasema dawa ya Dokta Makala iliponya wagonjwa sitini. Mwaka ule kliniki ilikuwa na wagonjwa arobaini na mmoja. Nilipomuuliza alinijibu kwamba takwimu ni lugha, nami sijaisomea. Hao arobaini na mmoja nawajua kwa mlio wa viatu vyao, na thelathini na nane bado wanakuja. Sasa nani kaathirika zaidi, msomaji wa jarida au mwenye mguu?

4. Hivyo naomba watafiti wote wapimwe kwa marejeo ya aina yangu. Itabidi pia muwashughulikie wagonjwa wanaopona. Hawa hutoweka bila kuaga, na kila mmoja anaipunguzia kliniki marejeo. Anayetaka kupona aombe kwa maandishi, nakala tatu, mwezi mmoja kabla.

5. Mkikataa haya yote, basi cheo wapewe wenye kazi yao. Dereva mmoja wa lori ana marejeo sitini na moja peke yake. Huyo mkimnyima uhadhiri mwandamizi mtakuwa mmemwonea.

Nisalimie wajumbe wote, katibu wako na mlinzi wa getini. Salamu za pekee zimfikie mjumbe aliyegundua kosa baada ya miezi miwili. Mwambie nimefurahi kujua kwamba kuna aliyeisoma fomu.

Wako mtiifu, kwa siku moja iliyobaki,
Karani wa Masjala,
Kliniki ya Vidonda Sugu.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha naona lazima niseme na hili. Katika yale 2,318, hamsini na mawili ni ya mama yangu mzazi. Miaka mitatu amekuwa akija kwa Dokta Makala. Mwezi uliopita, profesa akiwa safarini kupokea pongezi, muuguzi wa zamu alimfungua mama bandeji, akautazama mguu kwa muda mrefu, akasema dawa hiyo ndiyo inayomchubua. Akaisimamisha, akamsafisha, akamfunga upya kila baada ya siku tatu. Muuguzi huyo hajawahi kuandika makala hata moja. Kidonda kimefunga. Ile mistari hamsini na miwili niliiandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri, na sikuwahi kumuuliza mtu kwa nini mama haponi. Mvueni uprofesa, nami nifukuzeni. Mama ametoka asubuhi kwenda sokoni peke yake, na sijui nitaanzaje kumwomba msamaha.