Vita vya Barafu ya Kaskazini na Kiuno cha Seremala

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama, funikeni sufuria zenu, niwasimulie vita vilivyopiganwa sebuleni kwa Mshona Nguo, malkia wa sindano, siku ile mumewe na mdogo wake walipoigombania Bahari ya Aktiki, bahari ambayo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuitia kidole.

Redio ndiyo iliyopuliza baragumu. Ilisema setilaiti zimepima barafu ya bahari hiyo, nayo imepungua. Kisha ikataja hesabu za wapimaji wawili, na hesabu hazikulingana.

Akainuka Seremala, mumewe, simba wa randa, vumbi la mbao likimdondoka mabegani.

“Hesabu mbili, waongo wawili! Mimi nikipima mlango nikapata vipimo viwili, nani ataniita fundi?”

Akajibu Mwalimu mstaafu, mdogo wake Mshona Nguo, shujaa wa chaki: “Shemeji, setilaiti haikosei hata kidogo! Wa kukosea ni wewe. Hilo kabati la dada mbona linayumba?”

Lo! Kabati likatajwa.

“Kabati langu? Toka na barafu yako!”

“Natoka! Na kizingiti hiki sikikanyagi tena.” Akaivaa kofia.

Moyo wa Mshona Nguo ukashtuka. Walizaliwa saba, wamebaki wawili, yeye na huyo mwenye kofia. Akaziona Jumapili zake zote, siku za mdogo wake kuja kunywa chai, zinatoka mlangoni.

Ndipo alipochomoa shingoni upanga wake: utepe wa kupimia, mkongwe, uliokatika inchi ya kwanza.

“Baba watoto, inua mikono.”

“Kuna nini tena?”

“Inua.” Akamzungushia kiunoni. “Arobaini na nne. Mdogo wangu, kabla hujaenda, mzungushie uzi huu, kisha uulaze kwenye futi yake ya chuma.”

Mwalimu akatii, kofia kichwani. Dada mkubwa hakataliwi. “Arobaini na tatu.”

“Si mnaona? Vipimo viwili!” akanguruma Seremala.

“Na mwongo hayupo. Utepe wangu umepungua inchi, nami najua, kwa hiyo naitoa. Sasa nisikilize.” Akafungua daftari la vipimo, lililovimba kwa uzee. “Mwaka ulipotengeneza kabati, kwa utepe huu huu mbovu: thelathini na saba. Mwaka juzi: arobaini na moja. Leo ndiyo hiyo. Tumbo limeelekea wapi?”

Seremala akashusha mikono.

“Mbele,” akasema Seremala, kwa sauti ya mfalme aliyetekwa.

“Haya. Na barafu ya watu imepimwa hivyo hivyo, mwaka hata mwaka, nayo imerudi nyuma. Nawe mdogo wangu, usiape kuwa kipimo hakikosei. Kinakosea. Mpimaji ni yule anayejua kimekosea kiasi gani.”

Mwalimu akainamisha kichwa. Seremala akakohoa.

“Na kabati, mama watoto?”

“Linayumba, mume wangu. Miaka yote hiyo nimelikunjia gazeti chini ya mguu.”

Basi na iandikwe, wajukuu wa wajukuu wasome: alasiri ile Aktiki iliamuliwa kwa inchi saba za tumbo, kofia ikarudi msumarini, na majemadari wawili wakapiga magoti pamoja, Mwalimu akiinua kabati, Seremala akipigilia kabari, wakibishana kama limenyooka. Mshona Nguo akawarushia utepe.

“Pimeni,” akasema, akaenda kuongeza kikombe cha tatu cha chai, cha mdogo wake.