Magurudumu Yaliyoijua Barabara

Kabla ya mapambazuko, kijiko kiligonga kikombe: ting, ting, ting. Isidore akafungua jicho moja. Chumba alichopanga kwa Mama Anastasie, pale Baraka, kilikuwa na ukuta ambao haukufika juu, maana matofali yaliisha kabla ya nyumba kuisha, na kila neno la upande wa pili lilipita bila kubisha hodi. Upande huo Mama Anastasie alikuwa akimkorogea chai mdogo wake, Papa Alphonse, mfanyabiashara wa samaki, ambaye kila asubuhi alipita kwa dada yake kunywa chai ya bure ili ile ya kwake ikae.

"Inatetemeka, yaya," Alphonse alisema. "Pikapu mupya! Haiyamaliza hata miezi mbili. Nikifika themanini, usukani unanitikisa mikono mpaka kwenye meno."

"Basi usifike themanini."

"Yaya, nilinunua gari muzima. Na ile themanini niliinunua."

Isidore akafungua jicho la pili. Wako watu ambao wakimsikia mwenzao analalamika, husema pole. Isidore naye alikuwa mtu wa kusema pole, ila kwanza alitafuta viatu.

Huyu Isidore alikuwa mtu wa Fizi, kule juu mlimani. Alivaa shati jeupe lenye kalamu mbili mfukoni, moja ikiandika. Watu walimwita Ingénieur, yaani injinia, na hakuna aliyekumbuka ni shule gani iliyompa jina hilo, hata yeye mwenyewe. Alikuwa na pikapu yake, kuukuu, injini nzima kabisa, lakini magurudumu yalikuwa yamelika mpaka yakawa laini kama kisigino cha mtoto. Mwezi uliopita alijaribu kupanda nayo kijijini Lubondja kumchukua mke wake Rosette, aliyerudi kwa mama yake kwa kuchoshwa na ahadi. Mara tatu alikipanda kile kilima cha mwisho, na mara tatu pikapu iliteleza ikarudi kinyumenyume, polepole, kwa adabu, huku wakwe wote wamesimama juu wakitazama. Rosette alimwambia mbele yao:

"Siku utafika huku juu na gari, bila batu kukusukuma, nitapanda tuende. Kwa maneno ulishanipandisha milima ya kutosha."

Ndiyo sababu Isidore alishuka Baraka kutafuta magurudumu manne. Alikuwa na kila kitu kinachohitajika kuyanunua, isipokuwa bei yake.

"Mama, aksanti kwa usingizi," alisema akitokea mlangoni. "Papa Alphonse, samahani, sikusikiliza, lakini nilisikia. Hiyo themanini inatetemeka mbele ao nyuma?"

Alphonse alimwangalia yeye, halafu kalamu zake. "Wewe ni fundi?"

"Fundi anafungua gari. Mi ninaisikiliza."

Mama Anastasie alimsogezea kikombe cha chai, kile chenye mkono, maana kingine kiliunguza vidole. "Kunywa kwanza, mwanangu. Gari haitapoa."

Isidore na Alphonse walitoka na gari mpaka kile kipande cha barabara kilichonyooka nje ya mji, ambacho greda lilikuwa limekipitia kiangazi. Kwa kweli, katika nchi yote ile, hapo tu ndipo mshale wa kasi ungeweza kufika themanini bila dereva kufika mbinguni. Kwenye hamsini gari lilitulia kama kanisa siku ya Jumatatu. Kwenye sabini usukani ulianza kunong'ona. Kwenye themanini ulitetemeka mpaka rozari iliyoning'inia kwenye kioo ikasali peke yake.

"Simamisha," Isidore alisema kwa sauti ya daktari.

Aliingia chini ya gari kwa mgongo, na hakumaliza hata dakika moja kabla ya kuona. Ndani ya jante, lile duara la chuma linaloshika mpira, upande wa ndani ambao mtu aliyesimama hawezi kuuona, tope jekundu la mteremko wa Fizi lilikuwa limeganda na kukauka, nene kama bugali la arusi, tena upande mmoja tu wa gurudumu. Gurudumu zito upande mmoja litakosaje kuruka likizunguka kwa kasi?

"Papa, hii gari unaiosha wapi?" aliuliza kutoka chini.

"Kwenye muto, kwa bale vijana. Kila siku ya posho, Jumamosi."

"Juu na chini?"

"Chini banalipisha ya pembeni! Mi nalipa juu. Chini nani anaangalia?"

Lazima tumtendee haki Isidore: neno la ukweli lilimfika mpaka kwenye ulimi. Alilelewa vizuri. Alikuwa karibu kusema, Papa, kaoshe chini, tumemaliza. Lakini pale alipolala, pua yake ilikuwa karibu kabisa na gurudumu, na gurudumu lilikuwa jipya, jeusi, lina meno marefu ya kung'ata mlima, na vile vinywele vidogo vya mpira vya kiwandani vilikuwa bado vimesimama. Isidore aliyaangalia yale meno akaiona njia ya Lubondja, na Rosette juu yake, ameshika mfuko wake wa nguo. Akalimeza lile neno la ukweli.

Alitoka chini akijifuta vumbi kwa huzuni kubwa.

"Papa Alphonse, hii mipira ilizaliwa wapi?"

"Kwenye kiwanda. Mbali, ng'ambo."

"Njo hivyo. Ilizaliwa kwa barabara ya lami, laini kama meza. Leo inaona mawe ya kwetu. Inaogopa."

"Mupira unaogopa?"

"Wewe bakikupeleka kwabo bila kukuuliza, hautatetemeka?"

Alphonse alifikiri. Aliona kwamba angetetemeka.

"Dawa yake ni miaka mbili," Isidore aliendelea. "Pole pole, kwenye mawe, mpaka izoee. Lakini wewe ni mutu wa biashara, miaka mbili utaitoa wapi? Mi niko na mipira ine kule Fizi. Imetembea! Inajua kila shimo kwa jina. Nitakuletea ile, hii ya kuogopa niibebe miye, niifundishe."

"Na utanilipisha ngapi?"

"Bure."

Neno hilo lilimwingia Alphonse kama sukari kwenye chai ya dada yake. Hakusikia tena kitu kingine.

Lakini Isidore alijua kwamba mtu anayependa cha bure hupenda pia kubadili mawazo. Akataka karatasi. Jioni ile walikwenda kwa jirani, Mwalimu Henri, katekista, mwenye mwandiko wa duara na sifa ya kutosahau. Hapo Baraka, karatasi aliyoiandika Mwalimu Henri, ikasomwa mbele ya mashahidi, naye akanunuliwa Fanta, haijawahi kuvunjwa. Isidore aliitunga mwenyewe, kwa madaha: "Mimi Isidore ninamupa Papa Alphonse magurudumu yangu mane, bila malipo, nikiyafikisha kwake. Naye Papa Alphonse atanipa kila gurudumu la gari yake linalotetemeka." Wakatia sahihi. Mama Anastasie naye alitia yake, herufi moja moja, akiwa ametoa ulimi kidogo nje kama mtoto wa shule.

Kesho yake Isidore alipanda Fizi, akaweka pikapu yake juu ya mawe, akayang'oa yale magurudumu manne yenye upara, akayapaka kiwi ya viatu mpaka yakang'aa. Siku ya tatu alirudi nayo Baraka juu ya lori la magunia, amekaa katikati yake kama mchungaji na kondoo.

Alimkuta Mama Anastasie uani, kitenge amekifunga juu ya magoti, miguu myekundu kwa matope, na pikapu ya Alphonse mbele yake inachuruzika maji.

"Karibu, mwanangu! Nilikuwa nakufikiria."

"Mama, munafanya nini?"

"Nilijiambia, huyu mutoto atakuya na shati yake nyeupe, atalala chini ya gari kufungua mipira, na chini ni matope tu. Njo nikaosha. Kwa kijiti na beseni. Mabeseni sita! Bibi kama miye, nimelala chini ya gari, batoto ba jirani banacheka."

Isidore alihisi kitu kikianguka ndani yake, polepole na kinyumenyume, kama pikapu kwenye kilima cha Lubondja. Mama alikuwa ameosha kwa wema tu. Angefanyiwa ubaya, angejua la kufanya.

"Aksanti, Mama," alisema. "Basi tubadilishe mbio mbio. Iko wapi jeki?"

"Tungoje Mwalimu Henri."

Mwalimu Henri alifika pamoja na Alphonse, akiwa na karatasi yake na Fanta ya pili, ambayo Isidore alikuwa amemnunulia kwa ukarimu siku ya kutia sahihi. Akasoma. Mama Anastasie akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Rudia ile ya pili, Mwalimu."

"Atanipa kila gurudumu la gari yake linalotetemeka."

"Njo tuende tuangalie ni gani inatetemeka," alisema Mama Anastasie. "Ni karatasi ya Mwalimu. Tusiifanye iseme bongo, idanganye."

"Mama, haiko lazima!" Isidore alidakia. "Yote inatetemeka, mi niliisikiliza!"

"Utaisikiliza tena. Si hiyo njo kazi yako?"

Wakaenda wanne, Alphonse kwenye usukani. Hamsini. Sabini, usukani kimya. Themanini: Mwalimu Henri alikuwa ameshika chupa yake bila kifuniko, na hakuna tone lililomwagika. Alphonse akaachia usukani kwa kidole kimoja, halafu viwili, halafu akaanza kuimba.

"Imepona! Ingénieur, imepona!"

"Imepona namna gani?" Mama Anastasie aliuliza, macho yake kwa Isidore, matulivu. "Tuelezee, we unayejua."

Isidore angeweza kusema ni tope. Lakini angeulizwa alilijua lini. Alitazama nje ya dirisha, upande wa ziwa. Hakuna msaada uliokuwa ukija kutoka ziwani.

"Imezoea," alisema.

"Kwa siku tatu? Ulisema miaka mbili."

"Hii… iko na akili."

Waliporudi, Mwalimu Henri alitoa hukumu bila hasira. Neno la kwanza la karatasi limetimia: magurudumu manne yamefika. Neno la pili halina cha kushika: hakuna gurudumu linalotetemeka. Alphonse aliyabingirisha yale manne mpaka kwenye depo yake akiimba bado, akatoka na mikono myeusi tii.

"Mipira gani inachafua kama kiatu ya katekista?" alishangaa. Mwalimu Henri akaangalia viatu vyake.

Isidore alikaa kwenye kiti cha uani. Shati lilikuwa jeupe bado. Huko Fizi pikapu yake ilikuwa juu ya mawe, haina hata upara. Alishuka Baraka akiwa na gari lisiloweza kupanda kilima kimoja. Sasa haliwezi hata kushuka.

Mama Anastasie alimwekea sahani ya bugali, na samaki akamgeuzia upande wenye nyama. Alimwacha ale mpaka nusu.

"Ulikuwa unaitakia nini, ile mipira mupya?"

Basi Isidore akasema ukweli. Hakuwa ameuzoea, ulitoka ukichechemea. Alisimulia kuhusu Rosette, kilima, na wakwe waliosimama juu. Mama Anastasie alijaribu kutocheka kwenye ile mara ya kwanza ya kuteleza, na ya pili. Ya tatu ilimshinda, akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Mulijua, Mama?"

"Tangu beseni ya ine. Mi naosha masufuria tangu niko mutoto. Sufuria ikikaukiwa bugali upande moja, haikae sawa kwenye mafiga. Gari itakaa namna gani?"

"Na hamukuniumbua mbele yabo."

"Asubuhi ile ya kwanza, kabla ya kuingia kwenye gari ya Alphonse, ulinibebea bidon ya maji toka kwenye bomba. Hakuna mutu alikuwa anakuangalia, na hakuna kitu ungepata. Sasa kaa hapa. Ngoja nizungumuze na Alphonse. Ni mudogo wangu, lakini kwa bure anasikia haraka."

Alizungumza naye, na kweli alisikia haraka. Jumamosi pikapu mpya ilikuwa ipande Lubondja kuleta mihogo, na dereva wa kulipwa ni mtu wa kulipwa. Isidore angeendesha bure. Angerudi na mzigo, angeosha gari chini, jante zote nne, kwa kijiti, Alphonse amekaa kwenye kiti akitazama. Baada ya hapo angepewa magurudumu yake yenye upara, na mawili ya akiba ya Alphonse, yaliyotumika kidogo, yenye meno ya kutosha kilima kimoja.

"Mi nilidanganya nipate mipira ine," Isidore alisema akishika kichwa. "Sasa niko boyi wa gari yake."

"Dereva," Mama Anastasie alimsahihisha. "Rosette atakuona umekaa mbele ya usukani, unapanda bila kusukumwa. Gari ni ya nani, utamwambia mwenyewe, siku ile ile, mbele ya bakwe. Sikia vizuri: mwenyewe."

Jumamosi asubuhi alimfungia mihogo ya kuchoma kwenye jani la ndizi, mafungu mawili, akamwekea kwenye kiti cha pembeni. Alphonse alizunguka gari mara mbili akihesabu magurudumu. Isidore alipowasha, Mama Anastasie aliinama kwenye dirisha.

"Nataka kumwona huyo mwanamuke alifanya mutu muzima abebe mipira ine toka Fizi."

"Nitarudi, Mama. Si nina gari ya kuosha?"

"Hiyo ni kazi, haihesabike. Mi nasema siku ingine, haiko na gari, haiko na karatasi. Uje naye, mukae, mukule. Mutakuya kunitembelea?"