Ubao wa Mjomba na Programu Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Kamanda, umeshalifungua daftari la mtu, basi vuta kiti ukae. Ila usinicheke kabla ya Ijumaa.

Leo nimeamua. Ubao wa mjomba lazima ushuke!

Ngoja nikueleze. Karakana yetu inatengeneza vitu vya chuma: vitanda, madawati, toroli, fremu za madirisha, chochote mteja atakacho. Mashine nne, watu kumi na tisa. Karibu kila kazi inapita kwenye mashine ya kukunjia mabomba, na kila aina ya bomba ina kalibu yake, lile pande la chuma linalolipa umbo. Sasa nani afanye nini, saa ngapi, kwa mashine ipi? Anaamua mjomba, kaka yake mama. Kila asubuhi anazunguka na kikombe cha chai, anaigusa mashine moja moja kama anapima homa ya mtoto, anauliza watu wameamkaje, halafu anatundika kadi kwenye ubao. Kadi na misumari! Zama hizi!

Mimi nimejifunza kuandika programu peke yangu, miezi saba, kwa simu iliyopasuka kioo. Programu yangu haipangi mara moja ikaenda kulala. Inapanga, inaangalia, inapanga upya. Fundi akimaliza anabonyeza kitufe, programu inafikiri, kazi inabadilika hapo hapo. Mashine haikai bure hata sekunde. Mjomba anapanga mara moja kwa siku. Mimi mara mia!

Nimemwambia mtunza stoo. Kaniuliza kama programu hiyo itanifundisha na kufunga kamba za viatu. Wivu tu. Nilijikwaa mara moja, basi keshatunga hadithi.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya upelelezi. Nimejibanza nyuma ya mapipa ya rangi na saa ya simu mkononi, napima kila kitu. Kutoboa, kuchomelea, kupaka rangi. Nimepiga chafya mara tatu, hadi fundi wa rangi, tunamwita Rangi tu, akanirushia kitambaa akidhani ni paka.

Nimevumbua jambo kubwa! Kwenye kadi za mjomba, kubadilisha kalibu kumeandikwa dakika arobaini. Arobaini! Nimempima fundi mwenyewe, yule dada tunayemwita Spana. Kakunja bomba la mwisho, kafungua, katoa, kaweka nyingine, kakaza. Dakika nane! Sasa hizo thelathini na mbili mjomba anazipeleka wapi?

Nimeiandikia programu: nane. Ikachangamka kama mtoto aliyepewa pipi.

Mjomba kaniona nikitoka nyuma ya mapipa. Kanipangusa rangi begani, kaniuliza kama nimekula. Hajauliza nilikuwa nafanya nini. Mzee wa watu, haoni lolote.

Jumatano, 5 Machi

Siku kubwa! Bosi kaitisha kikao. Hospitali imeagiza vitanda mia na ishirini, lori linakuja Jumatatu asubuhi. Wodi mpya imefunguliwa kabla ya vitanda, wagonjwa wanalala sakafuni. Bosi kasema tumeshachelewesha kazi mbili mwaka huu, na safari hii vitanda visipotimia, kuna mtu ataenda nyumbani na hatarudi. Akasema huku akimtazama mjomba, maana mpangaji ni yeye. Mjomba amebakiza miezi kumi na moja astaafu. Miaka thelathini na moja hapa.

Nikaona mlango umefunguka. Nikasimama, nikaonyesha programu. Rangi zinawaka, mistari inakimbia! Bosi kauliza ile ya zambarau ni nini. Nikasema ni ufanisi. Kumbe ni hitilafu ya kioo, lakini kapenda.

Baada ya kikao mjomba kanivuta pembeni. Kaniambia mpwa wangu, kitu chako kizuri, tukijaribu mwezi ujao nitafurahi, ila hivi vitanda niachie nivimalize kwanza. Nikamwitikia ndiyo mjomba.

Halafu bosi kaniuliza mjomba anasemaje. Nikamwambia amekubali tuanze kesho.

Si uongo sana. Amekubali. Tarehe ndiyo tofauti.

Alhamisi, 6 Machi

Ubao umeshuka! Nimefungua skrubu mwenyewe. Bosi alipomwambia asante kwa kukubali, mjomba kanitazama. Mara moja tu, hivi. Kisha kazikusanya kadi zake, kazifunga kwa mpira, katia mfukoni mwa koti. Ukutani pamebaki alama nyeupe ya mraba. Nimeikwepa kuiangalia siku nzima.

Saa mbili tumeanza. Raha! Spana kaanza vitanda. Saa tatu kasoro mteja kapiga simu anataka toroli mbili, programu ikasema vitanda vingoje, kazi ya toroli ni fupi. Spana kabadilisha kalibu. Rangi kabonyeza kitufe kwamba hana kazi, programu ikasema mtu wa rangi asikae bure, leteni fremu za madirisha. Spana kabadilisha kalibu. Mchomeleaji kabonyeza. Spana kabadilisha. Kufika saa nane alikuwa hajakunja bomba hata moja tangu chakula, anafungua na kufunga tu. Kanipigia kelele kwamba hata mwenye nyumba ya wageni habadilishi shuka namna hii.

Kwenye kioo changu, kila mashine kijani! Hakuna iliyo bure! Nikamwonyesha bosi. Kafurahi.

Vitanda vya leo: tisa. Mjomba kwa wastani hutoa thelathini na vitano. Lakini ndiyo kwanza tunaanza.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa unaweza kucheka, kamanda.

Watu wamekijua kitufe. Rangi kagundua akibonyeza mara mbili anapewa kazi nyepesi, basi anabonyeza kama anacheza ngoma. Nikaamua programu ni nzito, ifikiri upesi zaidi, kila dakika. Saa nne Spana kaweka spana chini, kaketi sakafuni, kanyoosha miguu. Kasema Roketi (ndilo jina walilonibandika), njoo unitoe hapa na hizo dakika nane zako.

Ndipo kaniambia. Ile Jumanne niliyompima, kalibu iliyofuata ilikuwa imeshaandaliwa. Asubuhi na mapema mjomba alimwambia saa nne tunahamia kazi fulani, kwa hiyo yeye, mashine ikiwa inaendelea, akaisafisha, akaipaka mafuta, akapanga boliti kwa mstari. Dakika thelathini na mbili za maandalizi. Mimi niliziona nane za mwisho. Zile nane zilikuwepo kwa sababu mtu alimwambia mapema kinachokuja. Sasa hakuna ajuaye kinachokuja, hata mimi.

Nikaenda chooni na simu. Nikafuta nane, nikaandika arobaini. Programu ikafikiri. Ikafikiri sana. Ikatoa jibu moja: kunja mabomba ya vitanda, usiguse kingine chochote mpaka Jumatatu.

Kamanda, ule ulikuwa mpango wa mjomba. Kadi kwa kadi!

Nimekaa mle chooni mpaka mtunza stoo kagonga akauliza nimezaliwa au nimekufa. Nikitoka na mpango ule, bosi ataniuliza tulishusha ubao wa nini. Nje nikamsikia bosi anapita na wageni, anawaambia kuna kijana wetu mmoja, kichwa kweli kweli. Kijana wetu. Hajawahi kuniita hivyo.

Nimefuta arobaini. Nimerudisha nane.

Vitanda vya leo: kumi na vinne.

Jumamosi, 8 Machi

Siyo siku ya kazi. Nimepita tu kuchukua chaja yangu. Nikakuta mlango wazi na mashine inalia.

Mjomba. Na Spana. Na mchomeleaji, na hata Rangi, yule mvivu! Mjomba kazitandaza kadi zake juu ya meza ya chai, kaziwekea boliti zisipeperuke. Hakuna anayebonyeza chochote. Mjomba anatembea, anashika mashine, anasema baada ya hii miguu, Spana andaa ya kichwani. Mashine haikimbii wala haisimami.

Nikasema nije nisaidie. Spana kaniambia nikae mbali, nisije nikapumua karibu na mashine ikabadilisha kazi. Wote wakacheka. Mjomba kawaambia mwacheni mtoto. Kanipa brashi nisafishe kalibu. Nimesafisha hadi jioni, na hakuniuliza neno moja juu ya Jumatano. Afadhali angenizaba kofi.

Wamefikisha themanini na vitatu, pamoja na ishirini na vitano alivyotoa mjomba Jumatano kabla ubao haujashuka. Mabomba yameisha stoo. Programu iliyamaliza mengine Ijumaa kwa fremu ambazo hazina mteja, maana mashine ilikuwa bure.

Jumatatu, 10 Machi

Lori limekuja saa mbili. Muuguzi mkuu kashuka mwenyewe na karatasi. Kahesabu mara moja, kahesabu tena. Hajafoka. Kasema tu basi watu thelathini na saba waendelee kulala chini, akauliza yupo hapa anayeweza kuja kuwaeleza. Hata mtunza stoo hakuwa na utani.

Bosi akauliza ni nani. Aliuliza hivyo tu: ni nani?

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia, mimi na maneno yangu yote. Mjomba akatangulia. Kasema mpangaji ni mimi, kushusha ubao nilikubali mimi. Uongo wangu wa Jumatano, kauchukua mzima mzima, kauvaa kama koti lake. Akanitazama kuhakikisha nimefunga mdomo.

Nikaufunga.

Kabla ya saa sita keshaambiwa akabidhi funguo. Spana kalia waziwazi, kajifuta na kitambaa cha mafuta, uso mzima mweusi, hakuna aliyecheka. Mjomba kapita mashine zote nne, kazigusa. Kwenye ya mabomba kakaa kidogo. Halafu kaniambia nimwamkie mama.

Jumanne, 11 Machi

Nimempa mama shikamoo. Hajaitikia. Anaongea na sufuria. Anaiambia sufuria kwamba kuna mtu kamshika mkono mtoto wa dada yake akamwingiza kazini, akamwombea kwa kila mkubwa, na mtoto huyo kamlipa hivi. Nikasema mama, naomba chumvi. Akaiambia sufuria kwamba chumvi iko pale pale ilipo siku zote.

Jumatano, 12 Machi

Bosi kaniita. Kasema kiti cha mpangaji kipo wazi na kijana mwenye maarifa yupo.

Nilikuwa nimejiandaa kukataa! Nina hotuba nzima, nimeiandika nyuma ya daftari hili. Inaanza na bosi, heshima yako, ukweli ni kwamba. Nikafika ofisini. Kiti kina magurudumu. Nikakaa kidogo tu nione. Bosi akadhani nimekubali. Ningemwaibisha mbele ya karani wake?

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbili mashine ya mabomba inakwama kila asubuhi. Mchomeleaji anachelewa kila Ijumaa na hakuna ajuaye kwa nini. Spana anatii amri zangu zote, neno kwa neno, ndiyo adhabu yake kwangu. Nikamwuliza Spana mjomba alikuwa anafanyaje. Kasema kamuulize.

Nimelala na wazo. Ni kubwa kamanda, kubwa! Tatizo la programu yangu si programu. Ni data! Data zote zimo kichwani mwa mjomba.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kwake. Nimevaa shati safi, nimechukua mkate, na daftari jipya lenye maswali sitini.

Kafungua mlango, kaniona, uso umemng'aa. Kasema alijua tu nitakuja, alimwambia mkewe yule ni damu yangu atakuja. Kaniwekea mto kwenye kiti kizuri. Tangu Jumatatu hakuna aliyekanyaga pale kutoka karakana, wanaona haya. Anaamka saa kumi na moja, anavaa koti, halafu anakumbuka.

Nilitaka kusema samahani kwanza. Lakini akaanza mwenyewe kuniuliza mashine ya mabomba haijambo? Basi nikafungua daftari.

Kamanda, kanieleza yote! Ile mashine mafuta yake huganda kwa baridi, iachie nusu saa bila kazi. Mchomeleaji kila Ijumaa anampeleka mama yake kliniki, kwa hiyo siku hiyo mpe kazi zinazoanza saa nne, wala usimuulize, ataona aibu. Spana akinyamaza ujue mgongo unamuuma, mpe kalibu ndogo. Anaongea macho yanacheka, mikono inapanga kadi hewani. Na mimi naandika: mafuta, dakika thelathini. Mama mgonjwa, chelewesha saa mbili. Mgongo, punguza uzito. Kila kitu kinaingia kwenye programu, kila kitu! Mkewe kasimama mlangoni ananitazama ninavyoandika. Kaondoa kikombe changu kabla sijamaliza chai.

Tumefika swali la ishirini na nane. Mjomba kanisindikiza hadi barabarani, kanishika mkono hauachii, kaniuliza Jumapili ijayo nitakuja tena? Nikasema nitakuja. Na ile nyingine? Nikapiga hesabu haraka. Yamebaki maswali thelathini na mawili. Kwa mwendo ule, ziara moja na kidogo. Tuseme mbili. Nikamwambia ndiyo mjomba, na ile nyingine pia. Kafurahi mpaka kanibariki.

Jumapili ya tatu sina swali lolote la kumuuliza. Ungekuwa wewe, kamanda, ungeenda?